Msamaria Anaposomwa Takaba

Takaba, mji wa Mandera Magharibi, ni mji wa Waislamu. Wanafunzi wake wengi wa sekondari wamepitia dugsi, yaani madrasa, wakihifadhi Kurani kabla ya kufika kidato cha kwanza. Walimu waliowafundisha Kiingereza na fasihi kwa miaka mingi walitoka sehemu nyingine za Kenya, na wengi wao walikuwa Wakristo. Je, mwalimu wa namna hiyo anaweza kufundisha fasihi na uandishi kwa mtazamo wa Kikristo? Na akiweza, mtazamo huo unaonekana wapi hasa?

Tuanze kwa kuligawa swali. Imani ya mwalimu inaweza kuingia katika somo la fasihi kupitia milango mitatu: kuchagua kitabu, kukifafanua, na kusahihisha kile ambacho mwanafunzi ameandika. Wanaojadili jambo hili huichanganya milango hiyo, kisha wakashangaa kwamba hawaelewani.

Mlango wa kwanza, kwa mwalimu wa Takaba, umefungwa. Katika shule za misheni za zamani, kama Alliance High School iliyoanzishwa mwaka 1926, masomo na ibada vilikwenda pamoja chini ya uongozi mmoja. Leo vitabu teule vya shule za Kenya hupitishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala. Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna dini ya taifa, na cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inampa mfadhili wa shule jukumu la malezi ya kiroho, lakini inamtaka alinde imani ya wengine.

Hata hivyo, Ukristo huingia darasani bila kuletwa na mwalimu. Umo ndani ya vitabu vyenyewe. The River and the Source cha Margaret Ogola, kilichotoka mwaka 1994 na kuwahi kuwa kitabu teule, kinafuata vizazi vya ukoo mmoja wa Kijaluo. Ndani yake Nyabera, binti wa ukoo huo, anabatizwa, na tukio hilo linageuza mkondo wa hadithi. Miaka ya karibuni umekuja mchezo wa kuigiza wa John Lara, The Samaritan, unaohusu ufisadi. Jina lake tu linamtaka msomaji awe anaijua sura ya kumi ya Injili ya Luka.

Hapa tunahitaji istilahi moja. Mwingilianomatini ni uhusiano wa matini moja na nyingine iliyoitangulia, kiasi kwamba maana ya ile ya baadaye haikamiliki bila kuijua iliyotangulia. Mwalimu anayeufundisha mchezo wa Lara hana budi kusimulia mfano wa Yesu: mtu amevamiwa na wanyang'anyi katika njia ya kwenda Yeriko, kuhani anapita kando, Mlawi anapita kando, na anayesimama kumhudumia ni Msamaria, mtu wa jamii ambayo Wayahudi wa wakati huo waliidharau. Kusimulia hivyo si kuhubiri. Ni sawa na kueleza Waterloo ni nini kabla ya kusoma riwaya inayotaja vita hivyo.

Lakini mwanafunzi wa Takaba haji mikono mitupu. Aliyesoma dugsi anamjua Samiri, yule ambaye katika Sura ya Twaha anawapotosha Wana wa Israeli kwa sanamu ya ndama Musa akiwa hayupo. Wafasiri wanatofautiana juu ya uhusiano wa Samiri na Wasamaria, nasi hatutaumaliza ubishi huo hapa. Kinachotuhusu ni athari yake kwa msomaji. Kijana anayelisikia jina la Msamaria akiwa na shaka nalo yuko karibu zaidi na wasikilizaji wa kwanza wa mfano ule kuliko Mkristo wa leo, ambaye kwake Msamaria ni mwema hata kabla hadithi haijaanza. Mshtuko ambao Luka aliukusudia, kwamba msaada unatoka kwa mtu usiyemtarajia, umechakaa katika masikio ya kanisa. Huko Takaba mshtuko huo bado ni mpya. Mwalimu akimwachia mwanafunzi nafasi ya kusema anachokijua, huenda mwenyewe akaisoma Injili yake upya.

Sasa mlango wa pili, yaani ufafanuzi. C. S. Lewis, mhakiki aliyejulikana pia kwa kuutetea Ukristo, katika kitabu chake cha 1961, An Experiment in Criticism, alitofautisha kuipokea kazi ya sanaa na kuitumia. Anayepokea huiacha kazi iseme kwanza. Anayetumia huiendea akiwa na shughuli yake tayari. Kwa kipimo hicho, mwalimu anayeugeuza ubatizo wa Nyabera kuwa mwaliko wa wokovu ameitumia riwaya, na anayeuruka kwa haraka ili asiudhi mtu naye ameitumia vilevile, kwa hofu. "Kwa nini Nyabera alibatizwa?" ni swali la fasihi: mwanafunzi atarudi kwenye kitabu, aone misiba ya mwanamke huyo, mume na watoto waliokufa, na faraja aliyokuwa akiitafuta. "Je, alifanya vyema kuibadili dini?" si swali la fasihi. Mwalimu akiuchunga mpaka huo, mzazi yeyote wa Takaba anaweza kuketi nyuma ya darasa na kusikiliza.

Somo la fasihi ya Kiswahili linatusaidia kuupima ulinganifu wa hoja hii. Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona ni kazi zilizojaa Uislamu, na walimu Wakristo kutoka Kisumu hadi Machakos wamefundisha ushairi wa aina hiyo bila mtu kudhani wanasilimisha darasa. Wanaeleza kwa nini mtunzi anaanza kwa jina la Mungu, kisha wanaendelea na vina na mizani.

Mlango wa tatu ndio unaozungumzwa kidogo, nao, kwa maoni yangu, ndio mzito kuliko yote. Katika karatasi ya tatu ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, insha ya ubunifu ina alama 20, na msahihishaji huipanga katika daraja A hadi D kwa kuangalia mawasiliano, lugha na ubunifu. Imani ya mwandishi haina alama. Lakini mwalimu anayefundisha kuandika hufanya mengi kuliko kutoa alama: hupendekeza mwisho, hufuta sentensi, husema "hapa ingekuwa vizuri kama…"

Tuchukue mfano. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak. Washambuliaji walitaka Waislamu na Wakristo watengwe. Abiria Waislamu wakakataa. Mmoja wao, Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Tuseme mwanafunzi anaandika insha juu yake. Mwalimu Mkristo atavutwa kuandika pembeni: "Huyu ni Msamaria mwema." Ni sifa ya dhati. Ila imemhamisha Salah Farah kutoka katika hadithi yake mwenyewe. Mwanafunzi huenda alikuwa akielekea kwenye aya ya 32 ya Sura ya Al-Maida, inayozungumzia kuiokoa nafsi moja. Kazi ya mwalimu ni kumuuliza: "Unadhani ni nini kilichomfanya akatae?" na kusubiri jibu, kisha kudai kwamba jibu hilo lionekane katika vitendo vya mhusika, si katika tamko la aya ya mwisho. Swali hilo linazaa insha bora kuliko sifa ile.

Haya yote hayafanyiki mahali patulivu. Tarehe 22 Novemba 2014, watu 28 waliokuwa wakisafiri kutoka Mandera kwenda Nairobi waliuawa baada ya washambuliaji kuwatenganisha na abiria Waislamu. Walimu walikuwa miongoni mwao. Mwalimu aliyeamua baada ya hapo kutotaja Biblia kabisa darasani hastahili kulaumiwa kirahisi.

Baada ya kufuata hoja hadi hapa, naona jibu la swali letu ni ndiyo, kwa masharti. Mtazamo wa Kikristo unaweza kuishi darasani Takaba kama namna ya kusoma kwa uangalifu na kusahihisha kwa haki, na kama maarifa ya Biblia yanayotolewa waziwazi pale kitabu kinapoyadai. Kama ungamo linalotarajiwa kwa mwanafunzi, hauna nafasi: sheria inaukataa, na fasihi yenyewe inaharibika.

Lakini kuna jambo ambalo swali letu halikulitazamia. Mwaka 2020, baada ya mashambulizi mengine dhidi ya walimu, Tume ya Huduma kwa Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti za kaskazini mashariki. Madarasa yaliyobaki yameangukia zaidi mikononi mwa walimu wenyeji, Waislamu. Kitabu hakikuhamishwa. Mwalimu wa Takaba anayefungua The Samaritan leo lazima asimulie Luka sura ya kumi kwa usahihi uleule na, kijana mmoja akimtaja Samiri, aamue kama atamnyamazisha au atamwacha amalize.