Mmea Hauna Meno

Wajukuu zangu, leo nawasimulia njaa ya ajabu: njaa ya aliyekalia chakula chake mwenyewe.

Ukienda Makunduchi au Jambiani, kusini mwa Unguja, utayaona mawe ya matumbawe yamechomoza kila mahali. Zamani sana ardhi ile ilikuwa chini ya bahari. Wenyewe huiita uwanda, nao hulima kwenye vishimo vya udongo baina ya mawe. Mara nyingi udongo huo ni mwekundu. Wekundu huo ni kutu, na kutu hutokana na chuma. Mmea unahitaji chuma ili majani yawe ya kijani. Basi hapo chuma ni tele! Lakini kwenye ardhi ya chokaa mmea waweza kutoa majani machanga ya manjano, kijani kikabaki kwenye mishipa tu. Hiyo ndiyo njaa ya chuma.

Kwa nini? Kwa sababu mmea hauna meno. Hautafuni, hunywa tu, na kutu haiyeyuki majini.

Kamulieni ndimu juu ya jiwe la matumbawe. Litatoa povu, na ukali wa ndimu utakwisha. Mizizi ya karanga nayo hutoa majimaji makali ili iyeyushe kutu, lakini chokaa huuzima ukali huo mapema. Ukali hupimwa kwa pH: ukali ukipungua, pH hupanda, na kila pH ikipanda kwa 1, chuma kinachoyeyuka hupungua takriban mara 1,000. Zinki na manganizi, vyakula vingine vya mmea, navyo hukwama. Ukimwaga chuma kingine shambani, nacho hugeuka kutu.

Mahindi na mtama, walio ukoo wa nyasi, wana mbinu nyingine. Mizizi yao hutoa kitu kinachokibana chuma kama koleo linavyobana kaa la moto, kisha hukivuta ndani. Mwaka 1976, Sei-ichi Takagi wa Japani alieleza kwamba vitu vya namna hiyo vimo katika maji yaliyooshea mizizi ya mpunga.

Huko China, kwenye udongo wa chokaa, karanga zilizopandwa peke yake ziligeuka manjano. Zilizopandwa mistari sambamba na mahindi, mizizi ikakutana, zilibaki kijani.

Basi mkiwaona mama zenu wamechanganya mahindi na karanga konde moja, msidhani wanabana nafasi tu. Huko chini huenda jirani anamchotea jirani.