Amri Ilifutwa, Imani Ikachelewa

Mwishoni mwa Julai 1938, Wakamba zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, walifunga safari kutoka Machakos hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor. Walitaka kumwona Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, wamuulize ana kwa ana kwa nini ng'ombe wao walikuwa wakitolewa zizini na kupigwa mnada bila hiari ya wenyewe.

Serikali ilikuwa na hoja yake, tena hoja nzito. Milima ya Ukambani ilikuwa imechakaa. Mvua zilipokuja zilisomba udongo, makorongo yakazidi kupanuka, na mwaka 1937 afisa wa hifadhi ya udongo, Colin Maher, aliandika ripoti iliyoichora hali ya Machakos kuwa ya kutisha. Dawa iliyoamuliwa ni kupunguza mifugo kwa lazima. Kila eneo lilipangiwa idadi yake, waliozidi wauzwe.

Lakini anayetoa dawa naye hutazamwa. Watu wa Ngelani, huko Machakos, walikuwa wameshuhudia ardhi ya milima ya Mua ikigawiwa walowezi. Malisho ya Yatta, walikozoea kuwapeleka ng'ombe wakati wa kiangazi, yalikuwa yamehesabiwa kuwa mali ya Taji. Na katika kipindi hicho hicho kampuni ya Liebig's ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, kiwanda kilichohitaji ng'ombe wengi kwa bei ya chini. Mwanakijiji aliunganisha mambo hayo, akahitimisha kwamba habari ya udongo ni kisingizio tu. Ng'ombe kwake alikuwa mahari ya mwana, akiba ya mwaka wa njaa, na heshima ya mji. Kumchukua kwa amri ya afisa ilikuwa kumvua mtu utu mbele ya watoto wake.

Aliyesimama kuwasemea ni Muindi Mbingu, mtu wa Ngelani, na wenzake wa chama cha Ukamba Members Association. Gavana hakukubali kuzungumza nao Nairobi. Alikwenda Machakos mwezi Agosti, akafanya baraza, akaitetea sera ile ile. Baadaye mwaka huo Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, mbali na kwao. Hata hivyo kelele hazikuzimika. Jomo Kenyatta aliandika magazetini kutoka Uingereza, Isher Dass akaisemea kesi hiyo katika Baraza la Kutunga Sheria, na wakuu wa serikali wakakumbuka kwamba Wakamba walikuwa sehemu kubwa ya askari wa polisi na wa King's African Rifles, huku vita vikinukia Ulaya. Mwaka ulipokwisha, ulazima wa kupunguza mifugo ulikuwa umewekwa kando.

Wengi wakisimulia kisa hiki huishia hapo, kwenye ushindi. Mimi naona jambo zito zaidi lilianzia hapo. Serikali iliifuta amri, lakini haikukiri kwamba ilikosea, na yule aliyeiambia ukweli ikamwacha uhamishoni miaka mingi. Watu wakajifunza kwamba serikali hurudi nyuma ikiogopa, haikusikii ukizungumza. Fundisho hilo liligharimu. Vita vilipokwisha, serikali ilirejea na fedha na mitambo ya kuokoa ardhi, na bado wakulima walihofu kwamba shamba likiguswa na trekta la serikali halitakuwa lao tena. Matuta yakachimbwa kwa kazi ya lazima chini ya macho ya machifu, na ya lazima hayatunzwi. Mvua zikayabomoa mengi.

Mambo yaligeuka miaka ya 1950, na yaligeuka kwa njia ambayo viongozi wa leo wangefaa kuichunguza kwa makini. Maafisa wa maendeleo ya jamii waliigeukia mwethya, desturi ya zamani ya Wakamba ya majirani kusaidiana kazi. Vikundi viliachiwa kuchagua viongozi wao na kuamua shamba la nani lianze. Wengi wa waliochimba walikuwa wanawake, maana waume walikuwa kwenye ajira za mijini, na kwa hiyo wanawake wakapata sauti ambayo barazani hawakuwa nayo. Mkulima aliruhusiwa kupanda kahawa, zao ambalo hapo awali Mwafrika alizuiwa kulilima, na kahawa ilitaka matuta. Aliyechimba alivuna, na alichovuna kilibaki kwake. Matuta ya fanya juu, ambayo udongo wake hurushwa upande wa juu wa mtaro, yakaenea.

Njia haikunyooka. Baada ya Uhuru watu wengi waliacha kuchimba, kwa kuwa jembe lile lilikuwa bado linanuka ukoloni. Kazi ilirejea kwa nguvu miaka ya 1970, ikiongozwa tena na mwethya. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochapisha utafiti wao mwaka 1994, walionyesha wilaya ambayo watu wake walikuwa wameongezeka kutoka karibu 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na ardhi yake ikawa katika hali bora kuliko zamani. Soko la Nairobi lilichangia, na uhaba wa ardhi pia. Sifa yote si ya serikali hata kidogo. Ila serikali ilipoacha kuamuru, ilipata washirika.

Nayaandika haya nikiukumbuka Juni 2024. Mswada wa Fedha uliondolewa tarehe 26, siku moja baada ya waandamanaji kupigwa risasi Nairobi. Mswada ukaenda, lakini wazazi waliozika watoto bado wanauliza nani alifyatua risasi, na nani atajibu mahakamani. Haki hiyo isipotendeka, hakuna ziara ya kiongozi wala hotuba ya maridhiano itakayowatuliza, na hawapaswi kulaumiwa kwa hilo.

Huku Machakos kazi ya kurejesha imani inaweza kuanza kwa jambo dogo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka wananchi washirikishwe katika mipango na bajeti. Mara nyingi mkutano huitwa, hati nene husomwa, wazee na akina mama huomba maji au daraja, kisha husikii tena lolote mpaka mwaka ujao. Gavana na madiwani wanaotaka kuaminiwa warudi kwa watu wale wale, Masii, Kathiani, Mwala na Yatta, kabla bajeti haijapitishwa, wakiwa na orodha ya maombi yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa na sababu ya kila moja, kisha wakae kusikiliza watakaopinga.