Kiduha: Gugu linalosubiri mkulima udongoni

WAKULIMA wa mahindi na mtama wa Kanda ya Ziwa wanalijua vizuri gugu la kiduha. Maua yake ya zambarau yanapendeza macho, kumbe chini ya ardhi limeng'ang'ania mizizi ya mahindi na kunyonya maji na chakula.

Mche mmoja huweza kutoa mbegu 50,000 au zaidi, ndogo kama vumbi, na hubaki hai udongoni kwa miaka zaidi ya 10.

Ndiyo maana kupumzisha shamba misimu miwili au mitatu hakusaidii sana. Mbegu ya kiduha haioti ovyo. Husubiri kemikali inayotolewa na mizizi ya mahindi, mtama, uwele au mpunga. Isipoipata, hulala.

Si kiduha peke yake. Mwaka 1879 Profesa William Beal wa Michigan, Marekani, alifukia chupa 20 zenye mbegu za mimea mbalimbali, mingi ikiwa magugu. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 bado ilikuwa na mbegu zilizoota.

Kwa hiyo dawa ni kuziamsha mbegu za kiduha mahali pasipo na chakula chake. Mizizi ya pamba na soya hutoa kemikali inayoziotesha, lakini kiduha hakiwezi kujishikiza kwenye mimea hiyo, hivyo hufa. Mkulima anayebadilishana pamba na mahindi anapunguza akiba ya gugu huku akiuza pamba.

Huko Mbita, Kenya, kituo cha utafiti cha ICIPE kilibuni kilimo cha sukuma-vuta: desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, majani tembo pembezoni. Desmodiamu huua kiduha na kufukuza bungua, na yote mawili ni malisho. Mwenye ng'ombe wa maziwa anafaidika mara mbili. Asiye na mifugo atauza majani, mradi awepo jirani wa kununua.

Kung'oa nako kuna wakati wake. Kiduha king'olewe kabla hakijatoa mbegu, kisha kichomwe, kisiachwe kando ya shamba. Wengi hungoja mpaka baada ya mavuno, na hapo mbegu zimekwisha kumwagika.

Anayenunua mahindi ya mbegu gulioni naye aulize yametoka shamba gani. Vumbi lile husafiri ndani ya gunia, kwenye majembe ya kuazima na katika matope ya plau.