Mombasa ya Florida na Mombasa ya Ndia Kuu

Katika jimbo la Florida, Marekani, kuna mji wa pwani uitwao Harambe. Una ngome, una nyumba za kuta nyeupe zilizobambuka rangi, una mapaa ya nyasi, na duka lake moja limebandikwa kibao cha Mombasa Marketplace. Mwenyeji hauna hata mmoja. Ni sehemu ya Disney's Animal Kingdom, bustani ya burudani iliyofunguliwa Aprili 22, 1998, na wabunifu wake, wakiongozwa na Joe Rohde, waliiga sura ya Lamu na miji ya mwambao wetu. Rangi ilibambuliwa makusudi ili kuta zionekane kuukuu. Mapaa yaliezekwa na mafundi wa Kizulu walioletwa kutoka Afrika Kusini. Mwezekaji makuti yeyote wa Kilifi angekuwa na neno la kusema hapo.

Wifi yangu na mumewe, wazawa wa Kibokoni, Mombasa, ambao sasa ni watu wa Marekani, walikwenda huko kusherehekea ndoa yao. Walilala katika hoteli ya bustani hiyo, Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa 2001, mwaka uleule Mji wa Kale wa Lamu ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Jengo lao linaitwa Jambo House. Asubuhi walivuta pazia wakamwona twiga. Wifi alinipigia simu ndefu, nusu yake kicheko: mtoto wa Kibokoni kutoa dola ili aonyeshwe ngome ya bandia! Lakini walifurahi, hakunificha. Chakula kilikuja kwa wakati, wahudumu hawakununa, na bwawa la kuogelea, linaloitwa Uzima Springs, lilijaa maji usiku na mchana.

Mume wangu aliposikia habari hiyo akasema nasi tusibaki nyuma. Yeye ni mtu wa bara, na kwake Mombasa ni Nyali: hoteli yenye bwawa, kitanda cha kulala juani, na watoto wakiteleza kwenye mabomba ya Wild Waters. Mimi nilitaka Ndia Kuu, ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa. Tukapatana kwamba tuanze na kwangu, kisha twende kwake.

Madaraka Express, treni iliyoanza kubeba abiria 2017, haikufikishi kisiwani. Inakushusha Miritini, na hapo unaingia matatu kama mtu mwingine yeyote. Njiani kuna Pembe za Ndovu za Moi Avenue, ambazo wapenzi hawapiti bila kupiga picha chini yake. Zilisimamishwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wageni wa kifalme kutoka Uingereza, na si pembe, ni alumini. Kwa hiyo mapambo ya bandia nasi tunayo, ila yetu tumeyaweka katikati ya barabara na hatuyatozi kiingilio.

Tuktuk ilituacha karibu na Fort Jesus. Kutoka hapo ni miguu, begi mkononi, ukimpisha mwenye mkokoteni na mtoto anayetoka chuoni na juzuu yake kifuani. Chumba chetu kilikuwa orofani, katika nyumba ambayo mwenyewe anaishi chini na wajukuu. Tulipobisha hodi alitoka bibi mwenye leso begani. "Karibuni wanangu," akasema, na kabla hatujaketi akaongeza: "Maji ya mfereji leo hayakuja. Yako pipani, na kata iko juu yake. Msiogope, ni masafi."

Hapo nikaikumbuka ile Uzima Springs ya Florida. Sehemu ya maji ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo Magharibi, na husafiri kwa bomba refu mpaka pwani. Siku yasipofika, wenye mikokoteni hupita vichochoroni na mitungi yao, na kila nyumba ina hesabu yake. Mume wangu, aliyeahidiwa bwawa, alioga kwa kata. Hakulalamika, ila alinitazama.

Jioni ndiyo iliyompata. Baada ya sala ya isha mji hushuka barazani. Muuza kahawa alikuwa na dele lake juu ya makaa, vikombe vidogo ndani ya ndoo ya maji, na kashata kwenye sinia. Wazee walikuwa wakibishana juu ya mpira, kisha juu ya bei ya samaki, kisha juu ya mwanasiasa mmoja ambaye sitamtaja. Hakuna aliyegeuka kutuangalia. Tulisogezewa nafasi, tukapewa kahawa chungu, na mzee mmoja akamuuliza mume wangu kwao wapi na mvua imenyeshaje. Mazungumzo yakaendelea. Katika Harambe ya Florida kila kitu kimepangwa kwa ajili ya mgeni: ngoma inalia kwa sababu yeye amepita. Ndia Kuu ingeendelea na mambo yake hata tusingefika, na hiyo ndiyo raha yenyewe. Mnakaa wawili pembeni mwa maisha ya watu wengine, na hakuna anayengoja muondoke ili afue kanzu au amgombeze mtoto.

Asubuhi tulikula mahamri na mbaazi za nazi kwa mama anayepikia mlangoni kwake. "Mwataka na chai ya tangawizi?" Twataka. Kisha tukaingia Fort Jesus.

Ngome hii ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Bustani za burudani hupenda ngome kwa kuwa ngome huleta hadithi ya mashujaa. Hadithi ya hii haina utamu huo. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwamo ndani, Wareno na Waswahili waliojificha nao, walikwisha kwa njaa na maradhi zaidi ya kwa risasi. Meli ya Santo António de Tanná iliyokuja kuwaokoa ilizama mbele ya ngome 1697, na vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi vimo katika makumbusho humo ndani. Baadaye Waingereza waliigeuza jela, ikabaki jela mpaka 1958, na makumbusho yakafunguliwa 1960. Mume wangu alisimama juu ya boma akitazama bahari, akaniuliza kama wafungwa nao waliona mandhari hii. Sikuwa na jibu.

Mchana tulipita Msikiti wa Mandhry, ambao mnara wake umechongoka tofauti na minara ya kisasa, tukashuka hadi Bandari ya Kale. Majahazi yaliyokuwa yakija na kaskazi kutoka Uarabuni yamepungua mno. Biashara ilihamia Kilindini zamani. Tukarudi kupitia Marikiti kwa bizari na iliki, kisha Biashara Street, ambako nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, wenye leso za Mali ya Abdulla, imo katika biashara tangu 1887. Nilinunuliwa jozi. Machweo yalitukuta Mama Ngina, ufukwe uliokarabatiwa 2019, tukila mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili huku meli ikiingia mlangoni mwa Kilindini, karibu kiasi kwamba unaona mabaharia.

Nyali nayo tulikwenda, ahadi ni deni. Bwawa zuri, vibanzi vizuri. Sina zaidi la kuandika.

Wasiwasi wangu ni mwingine. Kila baada ya muda husikika mtu mwenye cheo akisema Mji wa Kale "uendelezwe" kwa ajili ya utalii, na anapoeleza, anachoeleza ni Harambe: kuta zilizopakwa rangi moja, maduka ya vinyago, wapiga ngoma kwenye kona. Tazameni Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako nyumba nyingi za watu zimegeuka hoteli, na wenyeji wengi wamehamia Ng'ambo na nje zaidi. Mlango wa kuchongwa ambao nyuma yake hakuna bibi wa kuitikia hodi ni mbao tu. Kama kaunti ina fedha za kutumia, iwape wenye nyumba msaada wa kutengeneza mapaa na dari zao, na iwaletee maji. Burudani wenyeji wanajua kujitengenezea: nenda Makadara siku za Idi uone bembea, viazi karai, na watoto wenye nguo mpya.

Kwa wanandoa wanaofikiria safari, neno langu ni hili. Msije Mji wa Kale kwa saa mbili na kofia za hoteli. Chukueni chumba ndani ya mji, kwa mwenyeji, ili pesa ibaki uani kwake. Vaeni nguo za heshima. Kushikana mikono barazani hakutawafikisha kokote isipokuwa kwenye macho ya wazee. Mchana wa Ramadhani msitafute chai, ngojeni magharibi, na hapo mtakula mpaka mchoke. Na mkitaka picha ya mtu au ya mlango wake, msalimuni kwanza, kisha ombeni.