Kifundo Hakijui Fainali Ni Lini

Muhula wa kwanza ndio msimu wa mpira wa vikapu katika shule za sekondari za Kenya. Kwa Kitui na Makueni, msimu huo huanza jua likiwa kali, kabla mvua za masika hazijashuka. Timu huanzia ngazi ya zoni, zikishinda huenda kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha Kanda ya Mashariki ambako hukutana na wababe wa Machakos, Embu, Tharaka Nithi na Meru. Wachache wanaobaki ndio hufika taifa. Kila ngazi hubanwa ndani ya siku chache, kwa kuwa shule haina pesa za kulisha na kulaza timu ugenini wiki nzima, na mara nyingi timu hucheza asubuhi ikarudi tena uwanjani alasiri ya siku hiyo hiyo.

Linganisha na fainali za NBA za mwaka wa 2025 kati ya Oklahoma City Thunder na Indiana Pacers. Mechi saba zilichezwa kuanzia tarehe 5 hadi 22 Juni, siku 18 nzima, na wanaume wale wana madaktari, wakandaji na ndege ya kukodiwa. Mtoto wa shule kutoka Mutomo au Kibwezi anaweza kudaiwa mechi nne katika siku tatu, akilala juu ya godoro lililotandikwa sakafuni darasani.

Jeraha la kwanza linaloletwa na ratiba ya namna hii ni la kifundo cha mguu. Msichana anaruka kunyakua ribaundi chini ya kikapu. Anaposhuka, badala ya kukanyaga saruji anakanyaga kiatu cha mpinzani. Wayo unageukia ndani, uzito wote unaangukia ukingo wa nje wa mguu, na mbele kidogo ya kile kifupa kinachotokeza upande wa nje wa kifundo, utepe mfupi unavutwa kupita uwezo wake. Utepe huo ni ligamenti, nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Iko misuli kando ya muundi ambayo kazi yake ni kuuzuia wayo usigeuke hivyo, lakini misuli husubiri amri ya neva, na amri ikifika huwa ligamenti tayari imechanika. Mambo hayo yote huisha ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde.

Mwaka wa 2001 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wachezaji wa vikapu katika michezo zaidi ya 10,000 ya mtu mmoja mmoja. Kwa kila mara 1,000 mchezaji alipoingia uwanjani, vifundo karibu vinne viliumia. Zaidi ya nusu ya walioumia hawakwenda kwa mtaalamu yeyote. Na aliyewahi kuumia kifundo hapo awali alikuwa na uwezekano wa karibu mara tano zaidi kuumia tena. Hiyo hesabu ya mara tano ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Tuseme ukweli kuhusu kinachofanyika kwenye benchi. Mchezaji anatolewa nje akichechemea, kiatu kinavuliwa, dawa ya kupuliza inafukizwa juu ya soksi, bandeji inazungushwa, na baada ya dakika tano kocha anauliza: unaweza? Hakuna mtoto wa kidato cha tatu, shule nzima ikiimba pembeni, atakayejibu hapana. Anarudi, na kwa kuwa mwili umepata moto na dawa imetia ganzi ngozi, anamaliza mechi. Jioni mguu umevimba kama kibuyu.

Siku tatu nne za kwanza mwili huleta damu na seli za kusafisha mahali palipoharibika, na ndiyo maana ya uvimbe na joto. Kisha huanza kushona. Nyuzi mpya za kolajeni hutandazwa haraka haraka, nyingi zikiwa za aina dhaifu na bila mpangilio, na kazi hiyo huchukua hadi wiki sita hivi. Baada ya hapo ndipo nyuzi imara hushika nafasi ya zile dhaifu na kujipanga kufuata mvutano wa mguu unapotumika, jambo linaloweza kuendelea miezi mingi, hata mwaka. Maumivu hupungua mapema sana katika safari hiyo. Mchezaji asiyesikia tena maumivu siku ya kumi ana ligamenti ambayo bado ni kiraka kibichi, na fainali ya kaunti ikiangukia siku hiyo, kiraka hicho hakitaisubiri.

Liko na jambo jingine lisiloonekana. Ndani ya ligamenti mna ncha za neva zinazoupasha ubongo habari za mahali wayo ulipo bila macho kutazama chini. Ligamenti ikichanika, habari hizo huharibika pia. Mguu unaweza kuwa na nguvu na usiwe na uvimbe, lakini ukawa haujui umeelekea wapi, na hapo ndipo kifundo hugeuka tena juu ya kijiwe kidogo tu njiani kwenda bwenini.

Habari njema ni kwamba ufahamu huo hufundishika. Mwaka wa 2006, huko Wisconsin nchini Marekani, wanafunzi 765 wa kandanda na vikapu walifuatiliwa, nusu yao wakifanya mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja: kwanza sakafuni, kisha macho yakiwa yamefumbwa, kisha juu ya ubao unaoyumba, kisha wakidaka na kurusha mpira katika hali hiyo. Vifundo vilivyoteguka katika kundi hilo vilipungua kwa asilimia 38. Ukambani hatuhitaji kuagiza ubao. Mchanga wa mto mkavu, ambao Kitui na Makueni tumejaliwa tele, hauutulizi wayo hata kidogo, na dakika kumi za kusimama juu yake kwa zamu, mguu mmoja mmoja, hazidai hata shilingi. Mchanga huo huo ukipeperushwa hadi kwenye saruji ya uwanja huwa adui, kwa hiyo ufagio uwe wa kwanza kuingia uwanjani kabla ya mpira.

Wakati mguu ni mbichi, desturi yetu kubwa ni kuukanda kwa maji moto, na akipatikana mzee anayejua kuvuta mifupa, kuuvuta. Nawaheshimu wazee hao, na joto lina nafasi yake siku za baadaye misuli ikiwa imekaza. Lakini katika saa 72 za mwanzo, joto huongeza damu mahali ambapo tayari imezidi, na kusugua kwa nguvu huchana nyuzi ambazo zimeanza kushikana. Siku hizo mguu ufungwe bandeji ya kubana kiasi, uinuliwe juu ya kiwango cha moyo, na uwekewe kitu baridi kwa dakika kumi au kumi na tano ukiuma sana. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, aliyeeneza mwaka wa 1978 ushauri wa kupumzika na kuweka barafu, alirudi mwaka wa 2014 akasema barafu nyingi na kulala bila kusogea huchelewesha uponyaji. Leo wataalamu hutumia baridi kutuliza maumivu tu, na humtaka mgonjwa aanze kuusogeza mguu mapema, polepole, kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Je, kama mfupa umevunjika? Swali hili lina uzito kwetu, kwani kutoka Kyuso hadi hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko mjini Kitui ni safari na nauli, na picha ya eksirei ina gharama. Mwaka wa 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni ambayo mwalimu yeyote anaweza kuijua. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma na ncha ya kila kifupa cha kifundo, ndani na nje, ukipanda sentimita sita. Kisha mwombe mchezaji atembee hatua nne, hata kama ni kwa kuchechemea. Akilia kwa uchungu wa mfupa pale unapobonyeza, au akishindwa hatua hizo nne, apelekwe kupigwa picha. Vivyo hivyo maumivu yakiwa katikati ya wayo, juu ya mifupa yenyewe. Kwa mtoto ambaye bado anarefuka ningeongeza tahadhari, kwa sababu sehemu ya mfupa inayokua huwa laini kuliko ligamenti, na kinachodhaniwa kuteguka huenda ni mfupa uliovunjika pale pale unapokulia.

Tembe na sindano za kuua maumivu, zile za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, hutolewa kama peremende kwenye mashindano. Huondoa uchungu, naam, na pamoja nao huondoa onyo. Tena ziko salama kidogo zaidi kwa aliyekunywa maji. Mchezaji aliyetokwa na jasho mchana kutwa kwenye joto la Tseikuru, akapewa dozi hizo tumbo tupu, anaziweka figo zake hatarini.

Wakubwa nao hukosea. Tarehe 16 Juni 2025, katika mechi ya tano ya fainali zile, Tyrese Haliburton wa Pacers aliumia msuli wa shavu la mguu. Alicheza ya sita, akaingia ya saba tarehe 22, akafunga pointi tisa kwa mitupo mitatu ya mbali, na kabla ya robo ya kwanza kwisha kano ya kisigino ikakatika. Timu yake ikashindwa, naye akaukosa msimu wote uliofuata. Mwaka wa 2019 Kevin Durant alipitia njia hiyo hiyo: msuli wa shavu mwezi wa Mei, kurejea tarehe 10 Juni kwenye fainali, dakika 12 uwanjani, kano ikakatika. Madaktari bado wanabishana kama jeraha la kwanza ndilo lililoleta la pili. Lakini ninapowasikia makocha wetu wakiwataja hao kama mashujaa wa kuigwa, hukumbuka kwamba Haliburton ana mkataba wa mamilioni ya dola na daktari bingwa wa kumfanyia upasuaji. Mwanafunzi wa Kathonzweni ana mtihani wa KCSE na mguu wa kumfikisha shambani maisha yake yote.

Wasichana wana hatari yao ya pekee, na inawapasa makocha waijue. Katikati ya goti imo ligamenti inayozuia mfupa wa chini kuteleza mbele, na katika vikapu wasichana huichana takriban mara tatu kuliko wavulana. Mara nyingi hakuna aliyewagusa. Wanatua goti likiwa limenyooka, likajikunja kuelekea ndani, kishindo kidogo kikasikika, goti likajaa. Aliyefanyiwa upasuaji wa ligamenti hiyo hana ruhusa ya kuharakisha: utafiti wa Norwei wa mwaka wa 2016 uliowafuata wagonjwa 106 ulionyesha kwamba kila mwezi aliosubiri mtu kabla ya kurudi uwanjani, hadi mwezi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Kinga ya jeraha hilo ni kufundishwa kutua: magoti yamekunjwa, yameelekea vidoleni, mwili umeinama kidogo, miguu yote miwili ikigusa pamoja. Dakika kumi na tano za kupasha mwili kila siku zinatosha, mradi zifanyike mwaka mzima na si wiki ya mashindano.

Kuna tiba mbili ambazo hakuna duka la dawa linalouza. Ya kwanza ni usingizi. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, wachezaji 11 wa vikapu walioongeza saa za kulala kwa wiki tano hadi saba walikimbia kasi zaidi, na mitupo yao huru ikaboreka kwa asilimia 9. Utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka wa 2014 ulionyesha vijana wanaolala chini ya saa nane wakiumia mara 1.7 zaidi ya wenzao. Kuwaamsha wachezaji saa kumi alfajiri wakasome, kisha wapande basi wakacheze, ni kuwaandaa waumie.

Ya pili iko kwenye sufuria na juu ya mti. Kolajeni hujengwa kwa protini, na haikazi bila vitamini C. Kitui ni nyumbani kwa ndengu, zao ambalo Charity Ngilu alilipigia debe kweli kweli alipokuwa gavana, na karibu robo ya uzito wa ndengu kavu ni protini. Muthokoi wenye maharagwe unajua kazi hiyo tangu enzi za babu zetu. Makueni nako kuna maembe na machungwa ya kutosha kusafirishwa hadi Nairobi, na chungwa moja baada ya chakula linampa aliyeumia vitamini C anayoihitaji. Mchezaji mwenye jeraha hufaidika nayo kuliko soda anayonunuliwa ili kupongezwa.

Kipimo cha kurudi uwanjani kinaweza kufanywa hata chini ya mwembe. Asimame kwa mguu ulioumia nusu dakika macho yakiwa yamefumbwa. Anyanyuke kwa vidole vya mguu huo mara nyingi sawa na ule mzima. Aruke mbele kwa mguu mmoja, na umbali ufikie asilimia 90 ya mguu wa pili. Akimbie akikata kona bila kusita. Akifaulu yote acheze, na kwa miezi kadhaa avae kifunga kifundo chenye kamba, kwani mwaka wa 2011 kifaa hicho kilipunguza vifundo vilivyoumia kwa takriban theluthi mbili miongoni mwa wanafunzi 1,460 wa vikapu. Akishindwa hata kimoja, akae kwenye benchi na avae jezi yake kwa heshima.

Wakuu wa shule na waandalizi wa michezo wa Kitui na Makueni, nawaomba jambo moja kabla ya muhula wa kwanza ujao. Kila timu iende mashindanoni na mtu mmoja, awe mwalimu, muuguzi au mzazi, aliyefundishwa kanuni ya Ottawa na vipimo hivi, ambaye neno lake kuhusu mchezaji aliyeumia halipingwi na kocha, hata ikiwa ni fainali na zimebaki dakika mbili.