Mvinyo wa ndizi Mbarara: nini mfanyabiashara ajue kabla ya kupakia

MBARARA. Msafiri anayetoka Masaka kwenda Mbarara, kilomita chache kabla ya kuingia mjini, hufika Biharwe. Hapo barabarani kipo Kituo cha Utamaduni cha Igongo, chenye hoteli, makumbusho ya Ankole yanayoitwa Eriijukiro, na mgahawa ambao madereva na watalii wanaokwenda Ziwa Mburo au Bwindi huupita kwa shida bila kusimama. Mezani huletwa ugali wa ulezi uitwao karo, matoke, na eshabwe, yaani mchuzi mweupe unaotengenezwa kwa samli ya ng'ombe wa Ankole.

Wageni waliozoea nchi za zabibu hutarajia kuona karibu na mgahawa wa namna hiyo mashamba ya mizabibu na chumba cha kuonjea mvinyo. Ankole haina mizabibu. Katika Afrika Mashariki zabibu zinajulikana zaidi Dodoma, Tanzania, ambako kilimo chake kinahusishwa na wamisionari wa Bihawana katika miaka ya 1950. Huku Mbarara na wilaya jirani ya Isingiro, tunda la kinywaji ni ndizi. Biashara hiyo inawahusu pia wakazi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambao wamezungukwa na wilaya inayosifika kwa migomba.

Wafanyabiashara wengi huiona bidhaa hii kama fursa: malighafi ipo, wateja wapo, na mipaka ya Tanzania na Rwanda haiko mbali. Hata hivyo, wengi hupoteza mtaji kwa sababu hawatofautishi vinywaji vitatu vinavyotoka kwenye mkungu mmoja. Tofauti hizo ndizo zinazoamua kama mzigo utafika, utaharibika njiani au utakamatwa.

Tonto, mvinyo na enguli

Kinywaji cha kwanza ni tonto. Ndizi za pombe, ambazo si zile za matoke, huivishwa kwa siku kadhaa katika shimo lililotandikwa majani ya migomba na kupashwa joto. Zikiiva humenywa na kuwekwa katika mtumbwi wa mti uliochongwa, kisha hukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ngumu. Nyasi hizo husaidia kutenganisha maji ya ndizi na nyama yake. Juisi inayopatikana huitwa eshande, na hunywewa hata na watoto kwa kuwa bado haina kilevi.

Eshande ikichanganywa na maji na unga wa mtama uliokaangwa, kisha ikafunikwa kwa siku moja hadi tatu, hugeuka tonto. Mtama hubeba hamira ya asili na huongeza rangi na ladha. Tonto ni kinywaji cha harusi, cha kutoa posa na cha kumaliza ugomvi. Tatizo lake kwa mfanyabiashara ni moja: huendelea kuchacha. Baada ya siku chache huwa siki. Kwa hiyo tonto ni bidhaa ya kuuzwa karibu na ilikotengenezwa. Si mzigo wa safari ndefu.

Kinywaji cha pili ni mvinyo wa ndizi. Hapa juisi huchujwa, mara nyingi huongezwa sukari, kisha hutiwa hamira ya kununuliwa ambayo tabia yake inajulikana. Chombo hufungwa, na hewa chafu hutolewa kwa mpira mwembamba ambao ncha yake imezamishwa katika maji. Hewa hutoka, lakini ya nje haiingii. Sababu ni kwamba vijidudu vinavyogeuza kilevi kuwa siki huhitaji hewa. Baada ya wiki kadhaa mvinyo huhamishwa kwenye chombo kingine na kuachiwa mashapo yake chini, na kazi hiyo hurudiwa mpaka uwe mwangavu.

Hesabu yake si ngumu. Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia 1 ya kilevi. Juisi yenye gramu 170 kwa lita, ikichacha mpaka mwisho, itakuwa na kilevi cha karibu asilimia 10. Mtengenezaji anayepima sukari kwa haidromita kabla na baada ya kuchachua anaweza kuandika kiwango cha kilevi kwenye lebo bila kubahatisha. Asiyepima hawezi, na lebo yake ni ya kukisia tu.

Kinywaji cha tatu ni enguli, yaani pombe inayopatikana kwa kuchemsha tonto na kukusanya mvuke. Ndiyo ambayo wengi huiita waragi ya kienyeji. Nchini Uganda sheria ya enguli ya mwaka 1965 ilikataza kuitengeneza bila leseni, na ndiyo iliyoandaa njia kwa Uganda Waragi ya kiwandani.

Hatari isiyoonekana kwa kuonja

Aprili 2010 watu wapatao 80 walikufa katika wilaya ya Kabale na maeneo jirani, magharibi mwa Uganda, baada ya kunywa waragi iliyokuwa na methanoli. Tukio hilo bado ni somo kwa kila anayebeba pombe kali kutoka ukanda huu.

Methanoli ni ndugu wa kilevi cha kawaida. Kiasi kidogo hujitokeza chenyewe tunda linapochacha, na katika tonto au mvinyo kiasi hicho kwa kawaida si cha kuhofia. Katika kuchemsha, methanoli huchemka kwenye nyuzijoto 64.7, wakati kilevi cha kawaida huchemka kwenye 78.4. Ndiyo maana mtengenezaji makini humwaga sehemu ya kwanza inayotoka mtamboni. Lakini vifo vya watu wengi kwa mara moja kwa kawaida hutokana na jambo jingine: mtu kuongeza spiriti ya viwandani ili mzigo uwe mwingi na mkali.

Mnunuzi hawezi kuitambua methanoli kwa ulimi wala kwa pua, na jaribio la kuwasha moto na kuangalia rangi yake halitoi uhakika. Maabara pekee ndiyo hutoa jibu. Kwa hiyo dumu la enguli lisilo na lebo wala jina la mtengenezaji ni mzigo ambao msafirishaji hana namna ya kuutetea, hata kama aliyempa ni mtu wanayefahamiana naye kwa miaka.

Jinsi ya kuonja kabla ya kununua

Kwa mvinyo wa ndizi, kuonja kuna maana. Mnunuzi aanze kwa kuinua chupa kwenye mwanga. Mashapo kidogo chini si kosa kubwa, lakini mvinyo uliotibuka chupa nzima haujatulia. Kisha anuse. Harufu ya siki au ya gundi ni dalili kuwa hewa iliingia. Mwisho aonje kidogo: utamu mwingi pamoja na vipovu vinavyochoma ulimi humaanisha kwamba sukari bado ipo na hamira bado inafanya kazi.

Dalili hii ya mwisho ndiyo inayowagharimu wasafirishaji. Hamira ikipata sukari ndani ya chupa iliyofungwa hutoa hewa, na lori linapopigwa jua mchana kutwa kasi huongezeka. Vizibo hufyatuka au chupa hupasuka. Mnunuzi mwenye busara huchukua chupa mbili tatu na kuziweka mahali pa joto kwa wiki moja kabla ya kulipia mzigo wote.

Uzito nao uhesabiwe mapema. Chupa ya mililita 750 ikiwa imejaa huwa na zaidi ya kilo 1, na katoni ya chupa 12 hukaribia kilo 15. Kwenye barabara ya udongo, katoni zisizo na vitenganishi ndani huvunjana zenyewe kwa zenyewe.

Nembo, stempu na vifungashio

Nchini Uganda mvinyo unaouzwa madukani unapaswa kuwa na nembo ya ubora ya Shirika la Viwango la Taifa, UNBS. Tangu Novemba 2019 Mamlaka ya Mapato, URA, ilianza pia kudai stempu za kodi za kidijitali kwenye bia, mvinyo, pombe kali na bidhaa nyingine. Chupa isiyo na stempu inaweza kukamatwa dukani au njiani, na anayeanza kuulizwa ni yule aliyekutwa nayo.

Kwa mujibu wa sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006, nembo ya ubora iliyotolewa na shirika la nchi mwanachama hutambuliwa na nchi nyingine. Hilo humwondolea mfanyabiashara mzigo wa kupimisha upya bidhaa ileile kila mpakani, mradi nembo ni halali na cheti chake hakijaisha muda.

Vifungashio pia ni suala la sheria. Pombe kali ya viroba ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2004, Tanzania mwaka 2017 na Uganda mwaka 2019. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Mzigo uliofungwa kwa mifuko ya plastiki unaweza kukwama mpakani ingawa chupa zilizo ndani hazina dosari.

Kodi: ushuru sifuri si sawa na kodi sifuri

Hili ndilo jambo linalowachanganya wengi. Tangu Umoja wa Forodha wa Jumuiya uanze kazi mwaka 2005, bidhaa inayothibitishwa kuwa imetengenezwa ndani ya Jumuiya inaweza kuvuka bila ushuru wa forodha. Uthibitisho wake ni cheti cha uasili. Kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kuna cheti rahisi kinachotolewa mpakani, lakini ni kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mwenye mzigo wa mvinyo aulize kwanza kama bidhaa yake imo. Kama haimo, atahitaji cheti cha kawaida hata kama ana katoni kumi tu.

Aidha, cheti hakiondoi ushuru wa bidhaa wala kodi ya ongezeko la thamani ya nchi mzigo unakoingia. Vileo hutozwa ushuru wa bidhaa katika nchi nyingi za Jumuiya, na mara nyingi viwango hubadilika katika bajeti zinazoanza kutumika Julai 1. Anayepanga bei ya Juni kwa mzigo utakaovuka Julai anaweza kukuta faida yake yote imemezwa.

Kutoka Mbarara, njia ya karibu kwenda Tanzania hupitia Isingiro hadi Kikagati, ng'ambo ya mto Kagera ikiwa Murongo. Njia nyingine ni Mutukula kupitia Masaka, ambako kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa rasmi Novemba 2017. Kwenda Rwanda kuna Mirama Hills na Katuna. Mpaka wa Katuna ulifungwa upande wa Rwanda Februari 2019 na kufunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022. Kwa Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, kuna Mpondwe upande wa Kasese na Bunagana upande wa Kisoro. Bunagana ilitekwa na waasi wa M23 Juni 2022, hivyo hali ya usalama ichunguzwe kabla ya kupakia.

Nafasi ya mfanyabiashara wa Nakivale

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kupokea Watutsi kutoka Rwanda. Leo yana zaidi ya watu laki moja, wakiwemo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha za masoko yake. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi wanaijua pombe ya ndizi tangu kwao. Wasomali, kwa sababu ya dini, wengi wao hawainywi wala kuibeba, na mwenye mzigo anayetafuta gari anapaswa kumweleza dereva mapema kilichomo badala ya kumficha.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, kufungua biashara na kutembea nchini kwa utaratibu uliowekwa. Kwa hiyo mkazi wa Nakivale anaweza kununua ndizi Isingiro, kutengeneza mvinyo kwa leseni na kuuza Mbarara. Mpaka ndipo mambo yanapobadilika. Kadi ya mkimbizi si pasipoti. Kuvuka kwenda nchi nyingine kunahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, na kurudi katika nchi aliyoikimbia kunaweza kutia mashakani hadhi yake ya ukimbizi. Katoni chache za mvinyo hazistahili gharama hiyo.

Njia salama zaidi ni mtengenezaji kuuza mzigo wake Mbarara kwa mfanyabiashara mwenye leseni na nyaraka za kusafirisha nje, kwa mkataba wa maandishi unaoeleza idadi ya chupa, tarehe ya kutiwa chupani na nani anabeba hasara zikipasuka. Faida ya kila chupa hupungua, lakini mtaji hubaki.

Jambo la mwisho linahusu shamba lenyewe. Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria uliripotiwa Uganda mwaka 2001, na aina ya ndizi za pombe iitwayo kayinja huathirika kirahisi kwa sababu wadudu hubeba ugonjwa kupitia ua la mkungu. Wakulima hushauriwa kukata ua hilo mapema kwa kijiti chenye panda badala ya panga, na kusafisha zana kwa moto au dawa. Msafirishaji naye anahusika: majani na machipukizi ya migomba yasitumiwe kufunikia mizigo kutoka shamba lenye ugonjwa. Shamba likifa, hakutakuwa na tonto ya harusi wala mvinyo wa kuvusha mpaka.