Ini Lenye Milango Miwili

Msomaji ananiuliza: mama yake alipigwa picha ya CT, kikaonekana kitu kwenye ini, familia ikalia siku mbili, kisha daktari akasema huenda si saratani. Mashine imejuaje?

Mambo ya eksirei nayaruka. Nianze na neno, maana neno ndilo lililowaliza. "Uvimbe" kwetu hubeba kila kitu: saratani, jipu, hata nundu ya kujigonga mlangoni. Wanakamusi walitupa "mchochota", yaani kuvimba na kuwaka kwa sehemu ya mwili inayopigana na kilichoiingilia, nasi tukaliacha vitabuni. Kitu kile cha kwenye ini huenda ni rundo la chembe za kinga na makovu linalofanana na saratani; rundo hilo naliita uvimbe-mchochota. Nilifikiria "saratani-bandia" nikaiacha. Mgonjwa atasikia nusu ya kwanza tu.

Mwaka 1953 Pack na Baker, madaktari wa Marekani, walieleza uvimbe wa namna hii katika ini. Mgonjwa wao alikuwa amekatwa pande lote la kulia la ini. CT ilikuwa bado. Mashine ya CT ya mvumbuzi wake, Hounsfield, ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971.

Sasa utamu wenyewe. Ini ni nyumba ya arusi yenye milango miwili. Kiasi cha robo ya damu huingia mlango wa mbele, yaani ateri. Robo tatu hupita uani, kwa vena itokayo kwenye utumbo, ikija na chakula kama watokao jikoni. Mgonjwa hudungwa dawa yenye madini joto, yaleyale ya kwenye chumvi, kisha hupigwa picha kwa awamu. Sekunde kama 30, wa mlango wa mbele wameingia. Sekunde 70, uani kumefurika na ini zima linang'aa. Saratani inayoanzia kwenye seli za ini kwa kawaida imejitobolea mlango wake barabarani: wageni wake hutangulia, hung'aa peke yao, na uani ukifurika wao wameshaaga, pamebaki doa jeusi. Uvimbe-mchochota una nyuzi za kovu. Wageni hupenya humo mmoja mmoja, wakikaa hawainuki. Dakika kadhaa zikipita, sufuria zimeoshwa, viti vinapakiwa garini, wao wangali mkekani na vikombe vya kahawa. Doa lililokuwa hafifu sasa linang'aa kuliko ini lote! Jipu je? Usaha haupokei mgeni yeyote. Hung'aa pete ya pembeni tu.

Saratani ya mirija ya nyongo nayo huchelewa kung'aa. Hapo huamua sindano ya kuchukua kinyama.

Uvimbe-mchochota mara nyingi husinyaa wenyewe au kwa dawa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, rudi na picha za mama kwa daktari, uulize kama ile ya awamu ya kuchelewa imo. Kama haimo, uliza kama inafaa ipigwe kabla hamjazungumza habari ya kisu.